Salamu Nje ya Geti

Ndani ya wodi hakuwahi kumpa mtu mkono. Naanza na jambo hilo kwa kuwa ndilo lililomfanya ajulikane, ndilo lililomfanya achukiwe, na ndilo ambalo mimi ningependa akumbukwe kwalo. Katika nchi yetu ya chai, toka Sigowet hadi Litein na kuvuka kuingia Bomet, mtu anayenyima mkono amesema neno zito kuliko tusi. Salamu yetu haitoshi kwa mdomo. Ukiwakuta watu wameketi, humsalimii aliye karibu ukawapungia waliobaki. Unamwendea kila mmoja, mzee kwa mtoto, hadi umewamaliza. Metroni aliyajua hayo sawasawa na sisi, maana alilelewa katika desturi hiyo hiyo. Hata hivyo, kwa miaka yote aliyowasimamia wauguzi wa hospitali yetu ndogo, alipita kati ya vitanda akiwa ameifunga mikono nyuma, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Mgeni akinyoosha mkono, yeye aliinamisha kichwa, akasema "Chamgei", salamu yetu ya mdomo, kwa sauti ya upole kabisa, na mikono ikabaki nyuma.

Jioni mambo yaligeuka. Akishamaliza zamu na kunawa, alitoka nje ya geti, akasimama penye mti wa mgrevilea ambapo watu hungoja pikipiki, na hapo alimpa mkono kila aliyepita: wachuma chai waliorudi na vikapu vitupu, jamaa za wagonjwa, hata soja wa geti ambaye alikuwa amemwona tangu asubuhi. "Njoo uchukue salamu yako," alimwambia mtu. "Mchana niliiweka." Aliushika mkono wa mwenzake kwa mikono yake miwili, akautikisa hadi mwenye mkono akaona haya. Kwa hiyo wale waliosema kwamba Metroni hakusalimia watu walisema nusu ya habari, na katika aina zote za uongo hiyo ndiyo niichukiayo zaidi.

Nitamwita Metroni kama tulivyomwita. Jina lake silitaji, wala la hospitali, wala la mama mwingine ambaye bila yeye habari hii haina maana. Wote wawili wamekwisha kuzikwa. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya hospitali baada ya kustaafu ukaguzi wa shule, na haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu au niliambiwa na aliyeyatenda. Pale nisipojua nitasema sijui. Juu ya mwanamke huyu yamesemwa mengi mno na watu ambao hawakuwapo.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua ndefu, na viatu vyake vya mpira havikutoa sauti. Muuguzi mwenye mzaha aliwahi kuniambia kwamba wenzake walimtambua Metroni kwa harufu ya klorini kabla hajafika. Alikuwa na fundisho moja tu, nalo alilisema kwa namna nyingi: ugonjwa haumngoji mgonjwa akohoe, unakaa juu ya vitu. Unakaa kwenye chuma cha kitanda, kwenye kitasa, kwenye trei, kwenye mfuko wa koti jeupe la daktari. Vitu vinavyoonekana safi ndivyo alivyovishuku kuliko vichafu, kwa sababu kichafu, alisema, angalau hukuonya.

Mfano wake aliupata shambani. Mtu aliyechuma chai mbichi hawezi kuficha kazi yake. Utomvu humwachia vidole vyeusi ambavyo sabuni ya kawaida haivitakasi. "Vijidudu vingekuwa na utomvu kama wa chai," alituambia katika mkutano wa kwanza niliohudhuria, "hospitali hii ingekuwa nyeusi hadi darini, na ninyi wazee mngekuwa weusi hadi kwenye ndevu." Mzee aliyeongoza kamati yetu, mtu wa heshima na tumbo kubwa, alicheka. Baada ya mkutano alitaka kumbeba mtoto aliyezaliwa usiku, mjukuu wa rafiki yake. Metroni alimzuia mlangoni mwa wodi ya wazazi.

"Mzee, tangu uingie getini umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, Metroni. Nimekuja mikono mitupu."

"Umeshika geti. Umeshika mkono wa soja. Umeshika kitasa hiki, ukashika chuma cha kitanda cha yule mama mwenye kikohozi ukimwambia pole. Tena tangu tuanze kuongea umejikuna pua."

Mzee aliitazama mikono yake, kwanza mmoja, halafu wa pili, kama mtu aliyerudishiwa mali isiyo yake. Kisha akaenda kunawa. Aliporudi alikuwa ameinyanyua mikono juu, vidole vimetengana, akatembea hivyo wodi nzima huku wagonjwa wakimcheka, na Metroni naye, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akacheka kwa sauti.

Alitufanya tubadilishe mabomba yote ya kunawia. Hoja yake ilikuwa kwamba bomba la kuzungusha linafunguliwa na mkono mchafu na kufungwa na mkono huo huo baada ya kutakata, hivyo uchafu unaurudia mkono kama ng'ombe anavyolirudia zizi. Mabomba mapya yalikuwa na mpini mrefu wa kusukuma kwa kiwiko. Vijana wa bodaboda walipoona jinsi alivyofunga bomba lililokuwa karibu na geti, walimbandika jina. "Kiwiko anapita!" walipiga kelele. Metroni aligeuka, akawainulia kiwiko kwa heshima zote, akaendelea na safari. Miaka ilipopita ikaja korona, na nchi nzima ikaamrishwa kusalimiana kwa viwiko. Kijana mmoja wao alimwambia mbele yangu, "Metroni, kumbe wewe ulikuwa nabii."

"Mimi si nabii," akamjibu. "Ninyi ndio mlichelewa kuingia darasani."

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo watu walibaki darasani. Hawakubaki. Zile ndoo zenye bomba zilizowekwa mbele ya kila duka na kila kanisa nimezihesabia matumizi mengi tangu wakati huo: nyingine ina chakula cha kuku, nyingine imepandwa vitunguu. Kujua jambo na kulishika ni vitu viwili, na sisi ni hodari wa kujua.

Alikuwa mshirika mwaminifu wa kanisa, aliyeimba kwa nguvu na bila kufuata sauti ya wenzake. Hilo lazima nilitaje, kwa kuwa walimsema kwamba alichukia maombi. Chanzo cha maneno hayo nilikiona. Akina mama wa kanisa walikuwa na desturi njema ya kuja wodini alasiri. Walimsalimia kila mgonjwa kwa mkono, wakazunguka kitanda, wakashika vyuma vyake au wakamwekea mgonjwa mikono, wakaomba. Kisha wakaenda kitanda cha pili na mikono ile ile, na cha tatu, hadi mwisho wa wodi. Walioongozwa walikuwa wengi, na aliyewaongoza nitamwita Mama Kiongozi, mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa, mwanamke mchangamfu mwenye ulimi mwepesi, ambaye aliaminiwa na kijiji kizima. Siku hiyo Metroni aliwasimamisha mlangoni.

"Sista, sasa unatufukuza kwa wagonjwa?" aliuliza Mama Kiongozi.

"Siwafukuzi, Mama. Ombeni. Lakini msishike vitanda, wala msiwashike wagonjwa."

"Tutaombaje bila kushika?"

"Mungu anasikia hata mkiwa hapa mlangoni."

"Wewe umempima masikio?"

Akina mama waliangua kicheko, na Metroni alitabasamu bila kutaka. Waliomba wakiwa mlangoni, wakaimba, wakaondoka kwa amani. Hayo ndiyo yaliyotokea. Kufikia Jumapili ilisimuliwa sokoni kwamba Metroni amesema Mungu haruhusiwi kupita mlango wa wodi. Nilimwuliza kila aliyenieleza hivyo, "Wewe ulikuwapo?" Hakuna aliyekuwapo.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Nilimtembelea mara nyingi, mke wangu akiwa hai, na sebule yake ilikuwa imevishwa kama bibi harusi. Palikuwa na vitambaa vya kufuma juu ya makochi, juu ya redio, juu ya chupa ya chai, hata chini ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kila kimoja kimepigwa pasi. Nilimtania juu ya tofauti hiyo. "Meza isiyo na kitambaa," akaniambia, "ni kama mama aliyetoka kwenda kanisani bila kitambaa cha kichwa. Kule hospitali vitu ni vya kazi, Mwalimu. Hapa ni nyumbani, na mtu lazima awe na mahali ambapo haogopi kugusa." Nadhani hapo ndipo udhaifu wake ulipokuwa, ikiwa kupenda kitu kizuri ni udhaifu. Alitamani, kwa siri, wodi yake ya wazazi ifanane na nyumba ya mtu.

Mama Kiongozi na wenzake waliligundua hilo, au walibahatisha. Baada ya kisa cha maombi walitaka kuonyesha kwamba hawakuweka kinyongo. Walikaa majira yote ya mvua wakifuma, kisha wakaja na vitambaa vya kutosha makabati yote madogo ya kando ya vitanda katika wodi ya wazazi: vyeupe, vyenye ukingo wa kijani cha chai. "Wodi hii ni kama stoo," alisema Mama Kiongozi akivikabidhi. "Mama anayezaa aone kwamba amepokelewa." Sote tulipendezwa. Nilimwona Metroni akikifungua kimoja, akakipitisha kidole ukingoni kwa muda mrefu. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba kila mgonjwa anapoondoka kitambaa chake kifuliwe pamoja na mashuka, kwa maji ya moto na klorini. Walikubaliana.

Sharti hilo lilivunjwa, na lilivunjwa na heshima. Wasafishaji wa wodi walikuwa washirika wa makanisa hayo hayo. Baadhi yao walikuwa wameshika sindano za kufuma wenyewe. Vitambaa vya kwanza vilipotoka kufuliwa vilikuwa vimegeuka manjano, na klorini ilikuwa imeula ule ukingo wa kijani. Nani angewaonyesha akina mama wa kanisa kazi yao ikiwa imeharibiwa hivyo? Zawadi ya mzee haichomwi na dawa. Basi wakafanya kama kila mmoja wetu afanyavyo sebuleni kwake: waliinua kitambaa, wakapangusa kabati kwa dawa hadi likang'aa, wakakirudisha kitambaa mahali pake. Mara moja moja walikifua kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kwa upole, kama nguo ya mtoto. Juu ya vitambaa hivyo wagonjwa waliweka vikombe, na wauguzi, wakiwa na haraka, trei za kufungia vidonda. Metroni alipokagua alikuta kabati safi na kitambaa cheupe. Alikuwa ametufundisha sote tusiuamini weupe, na weupe ukamdanganya yeye.

Kisha vidonda vya akina mama waliojifungua kwa upasuaji vikaanza kutoa usaha. Kwanza mmoja, na hilo hutokea. Halafu mwingine, na mwingine. Metroni aliwatilia shaka watu wa thieta, akashuku maji, akashuku vifaa vya kuchemshia. Katika majuma hayo alilazwa kitinda mimba wa Mama Kiongozi, binti mpole aliyekuwa akifundisha shule ya chekechea. Mama yake aliomba apewe kitanda cha dirishani, kwa kuwa kabati la hapo lilikuwa na kitambaa alichokifuma yeye mwenyewe. Metroni alimkubalia. Binti alijifungua msichana kwa upasuaji, akaonekana ana nguvu, na baada ya siku chache akaanza kutetemeka kwa homa. Metroni alifungua kidonda chake kwa mikono yake mwenyewe, akaona, akaita ambulensi. Binti alipelekwa hospitali kubwa na hakurudi. Mtoto aliishi. Huwa namwona akipita kwangu kwenda shule, naye hunipa mkono kwa adabu.

Metroni ndiye aliyemwita afisa wa afya ya umma, hakungoja kuitiwa. Afisa alichukua sampuli kila mahali, na majibu ya maabara yalipotoka, alikuja kuisomea kamati milango ikiwa imefungwa.

"Viini ni vile vile," alisema. "Tumevikuta kwenye vyuma vya vitanda, kwenye trei za vidonda na kwenye vitambaa. Kwenye vitambaa ndiko vilikuwa vingi zaidi."

Nilimwuliza, "Vile vilivyomfikia marehemu vilitoka wapi kati ya hapo?"

"Hilo, Mzee, hakuna maabara inayoweza kukuambia."

Naomba msomaji alikumbuke jibu hilo. Metroni hakulikumbuka, au hakutaka. Alisimama, mikono nyuma, akasema, "Neno la vitambaa lisitoke katika chumba hiki."

"Na watu wakiuliza?" alisema mzee wetu.

"Waambieni wodi ilikuwa na uchafu. Wodi ni yangu."

Nilipinga. Nilisema kwamba hiyo si kweli kamili, na kwamba nusu ya kweli ingezaa maneno mabaya zaidi. Alinigeukia, na sijasahau uso wake.

"Mwalimu, yule mama amezika mtoto wake juzi. Unataka nimpe na kitambaa akizike?"

Metroni aliwaeleza wauguzi na wasafishaji yote, bila kupunguza, akabadilisha kazi yao tangu siku hiyo: hakuna nguo yoyote juu ya kitu chochote wodini, na kila kitu kinachoguswa kipanguswe. Vidonda vikaacha kuoza. Nao wafanyakazi, kwa kuwa kila mmoja alijiona ana sehemu yake katika jambo hilo, walikaa kimya. Katika kijiji chetu sijapata kuona siri nyingine iliyokaa namna ile.

Lakini vitambaa vyenyewe vilikuwa bado vipo, na hakutaka hata kimoja kirudi nyumbani kwa mtu. Alivikusanya, akavitia katika tanuri la kuchomea taka nyuma ya hospitali. Ilikuwa mchana, watu wakiwa mashambani wanachuma chai, na moshi ulionekana. Kufikia jioni kila mmoja alijua kwamba Metroni amechoma kazi ya akina mama wa kanisa, tena katika juma lile lile la msiba. Sababu hawakuijua, wakatunga sababu zao. Walisema ni chuki ya yale maombi. Walisema binti wa watu amekufa kwa kuwa alinyimwa mikono ya kanisa.

Jioni moja nilikuwa penye mgrevilea Mama Kiongozi alipopita. Metroni alinyoosha mkono, kama ilivyokuwa kawaida yake hapo. Yule mama aliivuta leso yake, akaifunika mikono yote miwili.

"Mkono uliochoma kazi ya mikono yangu," alisema, "mimi siushiki."

Akapita. Metroni aliuacha mkono wake ukining'inia hewani kitambo, halafu akamgeukia soja, akampa yeye.

Mambo yalikaa hivyo kwa miaka. Walikaa benchi tofauti katika kanisa moja. Mama Kiongozi alimlea mjukuu wake, akaacha kufuma, akaacha mizaha. Metroni aliendelea kusimama nje ya geti kila jioni, na kila mara yule mama alipotokea njiani alimnyooshea mkono, na kila mara leso ikafunika. Niliwahi kumwambia aache kujiaibisha. "Salamu ni yake," akanijibu. "Siku akiitaka aikute."

Jambo jingine nililoliona ni sebule. Nilipomtembelea baada ya msiba, meza zilikuwa tupu. Makochi yalikuwa tupu, redio ilikuwa tupu, na kibuyu cha mursik kilisimama juu ya mbao. Nilimwuliza vitambaa viko wapi. "Nimevichoka," alisema, akamimina chai. Tangu siku hiyo ile nyumba ilifanana na wodi, naye hakuwa tena na mahali ambapo haogopi kugusa.

Nilijaribu kumtetea mbele ya nafsi yake. Nilimwambia kwamba hana ushahidi. Kwamba afisa mwenyewe alikiri hakuna awezaye kujua kama ni chuma, trei au kitambaa. Kwamba mimi nisingemhukumu hata mwizi wa kalamu kwa hoja dhaifu kiasi hicho. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe unatafuta mwenye kosa, Mwalimu," alisema. "Mimi natafuta pale niliposema ndiyo."

Metroni alistaafu, akahamia shamba lake dogo upande wa Sigowet, akafuga ng'ombe wawili. Hospitali ilimpata mtu mwingine, mwenye tabasamu na mkono mwepesi. Sisemi kwamba ni mbaya. Nasema tu kwamba mabomba ya kiwiko yalipoharibika, yaliwekwa ya kuzungusha, lile la karibu na geti peke yake likabaki, na hakuna aliyeuliza.

Mara ya mwisho kumwona alikuwa amelazwa katika hospitali ile ile. Alikuwa ameanguka zizini na kuvunjika nyonga, na mwili ulikuwa umeanza kumkataa. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, amekonda, kitambaa cheupe kilicholowa mkononi, akipangusa chuma cha kitanda chake mwenyewe kwa mwendo wa polepole, toka juu kwenda chini, bila kurudi juu. Hakunipa mkono. "Chamgei, Mwalimu," alisema. "Umenawa?"

"Nimenawa."

"Bomba ulilifunga na nini?"

Kabla sijajibu, mlango ulifunguliwa, akaingia Mama Kiongozi na fimbo yake. Alikuwa amezeeka sana. Hakuwa na kundi nyuma yake. Alisimama mwishoni mwa kitanda, nami niliona kwamba hakushika chuma.

"Sista."

"Mama."

"Nimesikia unaumwa. Mimi pia naumwa, ni vile tu natembea." Aliegemea fimbo yake. "Sitaki kuzikwa na mkono wangu umefungwa." Alitoa kitu mfukoni mwa sweta, akakikunjua. Kilikuwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye ukingo wa kijani. Mishono haikuwa imenyooka kama ya zamani. "Hiki usichome."

Akaegemea mbele kukiweka juu ya kabati la kando ya kitanda.

"Hapa ndani hapana, Mama," alisema Metroni.

Uso wa yule mama ulianza kukunjamana. Nilitaka kusema neno, lakini Metroni alikuwa amekwisha kunigeukia. "Mwalimu, nisukume. Twende nje ya geti. Mama, tafadhali, twende wote. Huko nina salamu yako."

Nilimsukuma. Mimi ni mzee, na njia ile ina mawe. Mama Kiongozi aliweka fimbo yake juu ya magoti ya Metroni, akanisaidia kusukuma upande mmoja. Soja, kijana ambaye hakutujua, alifungua geti akitushangaa. Tulipofika penye mgrevilea, Metroni alitufanya tusimame. Aliinyanyua mikono yote miwili. Mama Kiongozi aliitazama, na leso yake ikiwa mabegani hakuivuta. Aliitoa mikono yake, akaiweka ndani ya mikono ile, na wale wanawake wawili wakasalimiana kwa salamu yetu ya kutikisa, muda mrefu.

Kisha Mama Kiongozi akauliza, akiwa bado ameshikwa. "Niambie tu. Kwa nini ulivichoma?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Jibu lilikuwa linajulikana na watu wachache, nami nilikuwa mmoja wao; nalo lilikuwa jibu ambalo lingemsafisha Metroni kwa kila lililosemwa juu yake. Nilimwona akivuta pumzi.

"Nilikuwa na hasira," alisema. "Mlinishinda kwa ile ya kupima masikio. Nisamehe, Mama."

Yule mama akacheka, kicheko chake cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba, na machozi yakamtoka papo hapo. "Hasira mbaya hivyo," alisema. "Basi. Nimekusamehe. Kongoi, asante." Akakitoa tena kitambaa mfukoni, akakitandaza juu ya magoti ya Metroni, akakinyoosha pembe zake moja moja.

Mimi niliyemwuliza kila mtu kama alikuwapo, sasa nilikuwapo, na sikusema neno.

Mama Kiongozi alipanda pikipiki ya kurudi kwake, akatupungia. Metroni alikaa akikipitisha kidole ukingoni mwa kitambaa, pale penye mishono iliyopinda. Halafu alikikunja, akanipa. "Peleka Sigowet. Weka chini ya kibuyu." Nilikitia mfukoni na kugeuza kiti turudi ndani.

"Kwanza bombani," alisema.

Nilimsogeza hadi kwenye bomba la getini. Alinawa kwa sabuni, katikati ya vidole, juu ya viganja, chini ya kucha, hadi kwenye vifundo. Akaisuuza mikono, akaiinua itiririke maji. Nikanyoosha mkono nimfungie. Akanizuia kwa macho, akainama kwa taabu juu ya ile nyonga iliyovunjika, akalifunga bomba kwa kiwiko.